Jiko la Mafuta Taa Likitoa Moshi, Anzeni na Tambi

Tunapotembelea vikundi vyetu vya kujisaidia, mara nyingi tunaonyeshwa jiko la mafuta taa lililosukumwa chini ya kitanda au nyuma ya nyumba, na tunaambiwa ati limeharibika. Ukilifungua unakuta tangi ni zima, mabati hayajatoboka, na kile kishikio cha kupandishia tambi kinazunguka vizuri. Kilichokwisha ni tambi peke yake. (Tunasema tambi za jiko, si zile za kupikwa na sukari wakati wa sikukuu.) Jiko la namna hiyo hurekebishwa nyumbani kwa saa moja hivi, na halihitaji fundi.

Jambo hili tunaliandika sasa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni pesa. Mafuta taa si yale ya zamani ya mtu maskini. Tangu Septemba 2018, serikali ilipoweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ili watu waache kuyachanganya na dizeli, bei yake imepanda ikaikaribia ya dizeli yenyewe. Nyumba nyingi zimeyaacha, lakini wengine bado wanayatumia, na hao wengi ni wale wasioweza kununua mtungi wa gesi. Sababu ya pili ni moto. Jiko lenye tambi mbaya laweza kulipuka jikoni mama akiwa na mtoto mgongoni.

Utambi hufanya kazi gani

Wengi hudhani kinachowaka ni ule uzi. Sivyo. Uzi wa pamba una nafasi nyingi ndogo ndogo kati ya nyuzi zake, na mafuta hupanda humo yenyewe, kama vile chai inavyopanda ndani ya mkate ukichovya ncha tu. Yakifika juu, joto huyageuza kuwa mvuke, na mvuke huo ndio unaowaka. Maadamu mafuta yanafika, pamba hubaki salama, kwa maana mafuta yenyewe huipoza. Lakini mafuta yakiisha tangini na moto bado uko, basi pamba ndiyo inageuka kuwa kuni.

Kanuni ni ile ile hata kwa zile sigara za umeme ambazo vijana wengine wanarudi nazo kutoka mjini. Ndani yake mna pamba kidogo inayonyonya dawa, na waya uliozungushwa wa kuipasha moto. Pamba ikikauka huungua, na mvutaji hukohoa. Sisi hatumshauri kijana yeyote kuvuta kitu hicho, kwa sababu kwa kawaida ile dawa ina nikotini na nikotini humfanya mtu mtumwa. Tumekitaja tu ili muone kwamba utambi ni utambi, uwe wa nyanya au wa mjukuu.

Turudi jikoni. Utambi uliowahi kukauka huwa na ncha nyeusi, ngumu kama mkaa. Ncha hiyo hainyonyi tena. Mwenye jiko huona moto umepungua, basi anapandisha tambi zaidi. Moto unakuwa wa manjano badala ya buluu, sufuria inakuwa nyeusi, na macho yanawasha. Yale masizi chini ya sufuria ni mafuta mliyonunua ambayo hayakuwaka. Kwa hivyo msikubali mtu awaambie kwamba jiko la mafuta taa lazima litoe masizi. Likiwa na tambi nzuri, zilizo sawa sawa, na mabati yake yakishapata moto kwa dakika chache, ndimi zake ni za buluu.

Kukata na kubadilisha

Kabla ya kununua tambi mpya, jaribuni kuzikata. Jiko likiwa limepoa kabisa, toeni mabati yale mawili yenye matundu, pandisheni tambi mpaka mwisho, na mkate ile sehemu nyeusi kwa makasi makali. Makasi butu huvuta nyuzi na kuacha ndevu, na kila udevu hutoa moshi wake. La muhimu kuliko yote ni usawa. Jiko laweza kuwa na tambi 8, 10 au zaidi, na moja tu ikiwa ndefu kuliko wenzake hiyo ndiyo itakayotoa masizi kwa niaba ya zote. Tazameni kwa jicho lililo usawa wa jiko, si kutoka juu. Zote zitokeze kiasi kile kile, kama unene wa penseli hivi.

Utambi ukishakuwa mfupi kiasi kwamba haugusi chini ya tangi, kukata hakusaidii tena. Mtaijua hali hiyo kwa sababu jiko hupika vizuri tangi likijaa, halafu moto hufifia mafuta yakifika nusu, na watu husema mafuta ni mabaya. Hapo badilisheni zote pamoja. Kubadilisha mbili tatu na kuacha nyingine ni kama kufunga ng'ombe na punda kwenye plau moja.

Kazi yenyewe ifanyieni nje. Mwageni mafuta yaliyobaki kwenye jerikeni kupitia kitambaa safi, kisha vuteni tambi za zamani. Safisheni kila mrija kwa waya mwembamba, kwa sababu ndani hugandamana uchafu unaozuia utambi kupanda na kushuka. Halafu kunjeni waya huo mara mbili, shikeni ncha ya utambi mpya katikati yake, na muuvute kupitia mrijani. Uacheni mrefu kwa chini, ulale kidogo sakafuni mwa tangi. Utambi ujaze mrija bila kusongamana. Uliobanwa sana haupitishi mafuta, na ulio mwembamba tutasema ubaya wake hivi punde. Mkimaliza kukata ncha zote sawa, tieni mafuta na msubiri nusu saa kabla ya kuwasha. Utambi mpya ukiwashwa ungali mkavu unaungua siku hiyo hiyo, na kazi yote ni bure.

Kama tambi za dukani hazipatikani, uzi au kitambaa cha pamba tupu kilichofuliwa na kukauka chafaa kusokotwa. Nailoni haifai, wala kile kitambaa cha blanketi za siku hizi. Kipimo ni rahisi: choma uzi mmoja. Pamba hunuka kama karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Nailoni huyeyuka na kuacha punje ngumu.

Mrija ulio mtupu

Hapa tunaomba msome polepole. Katika kikundi kimoja tulikuta akina mama kadhaa wametoa tambi nne nne kwenye majiko yao ili kupunguza matumizi ya mafuta. Mirija ilikuwa wazi. Nia yao ilikuwa nzuri kabisa, na twaelewa shida iliyowafikisha hapo, lakini ni hatari kubwa.

Tangi ambalo halijajaa lina mvuke wa mafuta juu ya mafuta yenyewe. Utambi ulioziba mrija vizuri ni kama mlango uliofungwa kati ya mvuke huo na moto ulio juu. Ukiutoa, mmeacha mlango wazi. Jiko linapopika kwa muda mrefu tangi hupata joto, mvuke huongezeka, na siku moja mwali unateremka ndani ya mrija. Ndipo mnasikia jiko limelipuka. Utambi mwembamba unaocheza ndani ya mrija huleta hatari hiyo hiyo, ingawa kwa kiasi kidogo. Kwa hivyo kila mrija uwe na utambi wake. Mkitaka kupunguza matumizi, teremsheni tambi zote kidogo mara chungu kikishachemka, na mfunike chungu. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha yatawaokolea mafuta kuliko mirija minne mitupu.

Petroli nayo lazima tuitaje. Mafuta taa safi hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yapate joto la nyuzi 38 au zaidi (ndugu zetu wa Lodwar na Garissa wanajua joto hilo haliko mbali, kwa hivyo jiko na jerikeni zisikae juani). Petroli hutoa mvuke huo hata asubuhi ya baridi. Hatuna haja ya kueleza zaidi kwa watu wanaokumbuka Sachang'wan, Januari 2009, au Sinai kule Nairobi, Septemba 2011, ambako katika kila mkasa zaidi ya watu 100 walikufa kwa moto wa petroli iliyomwagika. Siku hizi duka lile lile linalopima mafuta taa pengine huuza pia petroli ya bodaboda kwa chupa. Faneli moja, kipimo kimoja, na mchanganyiko umeingia jikoni kwako. Muulizeni mwenye duka kama vyombo vyake ni tofauti. Mafuta yakinuka petroli, au jiko likiwaka kwa kuruka ruka na kuvuma, zimeni, msitumie.

Maji ni shida ndogo kuliko hiyo lakini husumbua. Maji ni mazito kuliko mafuta taa, kwa hivyo hukaa chini ya tangi, hasa pale tambi zinaponyonya. Utambi uliolowa maji hutatarika na kufifia. Umwageni mchanganyiko huo, anikeni tambi juani zikauke kabisa, na mwanzo mpya.

Koroboi na taa ya kioo

Koroboi haina cha kurekebisha. Utambi wake hauna kioo cha kuvuta hewa safi, na tundu lake mara nyingi limelegea. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2014 likishauri nyumba zisitumie mafuta taa hata kidogo, kwa ajili ya moshi na hatari zake, na mtoto anayesoma na koroboi mbele ya pua ndiye anayeuvuta moshi huo. Kikundi kikiwa na mkopo mdogo wa kwanza wa kutoa, tungependa uende kwa taa ya sola kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa wenye taa ya kioo, utambi wake bapa hukatwa sawa, kisha pembe mbili hupunguzwa kidogo, la sivyo mwali unaota pembe na kioo kinapata masizi. Kioo kisioshwe kikiwa moto. Ni kazi ndogo ya kila siku, na si ya kudharau: katika kitabu cha Kutoka, sura ya 25, pamoja na taa saba za hema Mungu aliagiza pia makoleo ya kuzitunzia, na yawe ya dhahabu.

Namna ya kulipanga jambo hili kikundini

Si lazima kila nyumba inunue makasi makali na furushi la tambi. Mweka hazina anunue tambi kwa jumla, washirika walipe kwa bei ya kununulia, na siku moja ya mkutano kila miezi mitatu kila mtu aje na jiko lake, likiwa limepoa na tangi likiwa tupu. Watu wawili wenye mikono myepesi wanatosha kuwaonyesha wengine. Wasioamini wafanyiwe jaribio. Kabla ya kugusa tambi, pimeni nusu lita ya mafuta, chemsheni sufuria ile ile ya maji tena na tena mpaka mafuta yaishe, mkihesabu. Jiko lizimwe mara tu moto unapoanza kufifia. Rudieni baada ya kubadilisha tambi. Hesabu hiyo iandikwe katika kitabu cha kikundi.

Siku hiyo hiyo yasemwe na haya. Jiko halijazwi likiwaka, wala likiwa bado moto. Mlango au dirisha liwe wazi wakati wa kupika. Moto ukishika jiko, lifunikeni kwa blanketi iliyoloweshwa au mchanga, msimwage maji. Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Msimpake dawa ya meno, yai wala mafuta ya kupikia. Na mafuta taa yasiwekwe kamwe katika chupa ya soda. Mtoto akiyanywa msimtapishe, wala msimpe maziwa, kwa sababu akitapika yanaingia mapafuni. Mpelekeni hospitali mara moja.

Waliokwisha kupata sola wengi huiweka taa ya zamani kwa ajili ya siku za mawingu. Imwageni mafuta kwanza, toeni utambi mkaukaushe, mkaufunge kwa karatasi na kuuweka ndani ya kioo, ili usiku mtakapouhitaji msiutafute gizani.