Kontroli Boksi ya Altezza Kwenye Hewa ya Mwanza

Toyota Altezza RS200 ilitoka kiwandani Japani ikiwa na nguvu za farasi 210. Ikifika Kiseke, hapa Mwanza, haina nguvu hizo, hata ingekuwa mpya kabisa, plagi safi na ea klina haijaona vumbi. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mitaa ya Ilemela, Kiseke ikiwemo, iko juu ya ziwa. Kwenye kimo hicho presha ya hewa imepungua kwa karibu asilimia 13 ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo haina hewa nyingine ya kuvuta zaidi ya hiyo iliyopo, na hewa ikipungua, nguvu hupungua kwa kiasi kinachokaribiana. Zile 210 zinabaki kama 183.

Hesabu hii naitanguliza kwa sababu siku hizi gari la spoti likionekana zito, lawama huangukia kontroli boksi, yaani kompyuta inayoongoza injini. Mwenye gari anaambiwa boksi imekufa, atafute nyingine, au anaambiwa ipo chipu ya kuongeza nguvu. Pesa inatoka, boksi inabadilishwa, na gari linabaki vilevile au linaharibika zaidi. Boksi ya gari la zamani isiguswe kabla hujajua ni ipi hasa, na kabla hujapima inachofanya.

Tuanze na kazi yake. Injini ya RS200, ile 3S-GE ya silinda nne, hutoa nguvu zake zote ikiwa kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Kila mzunguko una cheche mbili, kwa hiyo kwa sekunde moja zinapigwa cheche zaidi ya 250. Kwa kila cheche boksi inaamua iwake wakati gani na nozeli ibaki wazi kwa muda gani. Majibu haiyabuni, inayasoma kwenye majedwali yaliyohifadhiwa ndani ya kumbukumbu yake, ambayo watu wa kazi hii huyaita ramani: upande mmoja mizunguko, upande wa pili mzigo wa injini, katikati namba. Mwaka 1979 kampuni ya Bosch iliweka mfumo wake wa Motronic ndani ya BMW 732i, mafuta na cheche vikaongozwa na kompyuta moja. Altezza ilipoingia sokoni mwaka 1998 utaratibu huo ulikuwa wa kawaida.

Je, boksi hiyo inajua kwamba iko Mwanza? Inajua. Sensa ya hewa inapima hewa inayoingia, na kwenye mwendo wa kawaida sensa ya oksijeni iliyo kwenye eksozi inaonja moshi na kuirudishia boksi taarifa. Lengo ni gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Hewa ikiwa nyepesi, mafuta nayo yanapunguzwa. Ukisikia mtu anakuahidi kukurudishia nguvu zilizopotea kwa kuongeza mafuta, fahamu kwamba mafuta bila hewa hayaungui, yanatoka moshi mweusi na kuharibu plagi. Kinachoweza kurudisha hewa ni turbo, na ndiyo maana Subaru Impreza yenye turbo haichoki sana huku kwenye nyanda za ziwa: turbo inazunguka kwa kasi zaidi na kufidia sehemu kubwa ya presha iliyokosekana.

Sasa utambuzi, mahali ambapo pesa nyingi hupotea. Anza na kibao cha bati kwenye boneti. Kikisema SXE10, hiyo ni RS200 yenye 3S-GE. Kikisema GXE10, ni AS200 yenye 1G-FE ya silinda sita, gari tulivu zaidi lenye nguvu za farasi 160 hivi. Kwa nje zinafanana kiasi cha kumdanganya mnunuzi, lakini boksi zake ni tofauti kabisa. Kisha itafute boksi yenyewe, ambayo kwa magari ya Japani mara nyingi iko upande wa abiria, nyuma ya droo ya dashibodi au chini ya zulia. Kwenye lebo ya Toyota utaona namba inayoanza na 89661, kistari, kisha tarakimu tano nyingine. Hizo tano ndizo zinazotofautisha injini, mwaka na gia. Kwenye Subaru namba huanza na 22611. Boksi ya gari la otomatiki mara nyingi huongoza pia gia, kwa hiyo kuipachika kwenye gari la manyo, au kinyume chake, ni kutafuta taa ya cheki injini isiyozimika. Soketi kuingiana si ushahidi kwamba boksi inafaa. Piga lebo picha na uitunze.

Na je, imekufa kweli? Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kijisanduku kwenye injini kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Unganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga stata, na taa ya cheki injini itaanza kupepesa. Ikipepesa kwa mpangilio sawa bila kukoma, boksi haijaona kosa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mbili tena, hiyo ni 22: sensa ya joto la maji. Sensa hiyo ikidanganya kwamba injini ni baridi siku nzima, gari litakula mafuta na kupoteza sailensi, na boksi haina hatia yoyote. Vile vifaa vya kusomea makosa kwa simu mara nyingi havielewani na magari haya. Marekani ililazimisha lugha moja ya vipimo kuanzia 1996, lakini magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yaliendelea na lugha zake kwa miaka kadhaa.

Zipo boksi zinazokufa kweli. Kwenye magari ya Japani ya mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990, rika la Celica GT-Four iliyompa Carlos Sainz ushindi wa Safari Rally mwaka 1992, adui mkubwa ni kapasita. Fungua kasha, skrubu chache tu, tazama vile vimkebe vidogo vilivyosimama kwenye ubao wa saketi. Kapasita iliyochoka huvujisha maji yake miguuni. Utaona doa la kahawia, njia za shaba zilizogeuka kijani, na ukiipasha joto ili kuichomoa, inatoa harufu kama ya samaki aliyechacha. Fundi mzuri wa redio na televisheni anaweza kusafisha ubao, kubadilisha kapasita kwa thamani ileile na kuunganisha njia iliyolika. Ukarabati huu naupendelea kuliko boksi iliyotumika isiyojulikana ilikotoka. Wizi wa kontroli boksi tunaujua wote. Anayenunua bila risiti anaulisha.

Na kuosha zulia kwa presha ya maji boksi ikiwa chini yake, jamani, tuache.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze kuongeza nguvu. Baadhi ya boksi za zamani huhifadhi ramani kwenye chipu inayoweza kuchomolewa, ya kilobaiti 32 au 64, na nyingi zilizokuja baadaye huandikwa upya kupitia soketi. Subaru za miaka ya 2000 zina bahati, kwani zipo programu za bure kama RomRaider zinazofungua ramani zake. Nyingine zinahitaji boksi mpya inayojitegemea: Link ya New Zealand, Haltech ya Australia, au Speeduino, ambayo michoro yake iko wazi kwa yeyote anayeweza kushika chuma cha kuchomelea. Hiyo ya mwisho inanivutia kuliko zote kwa kijana anayesoma elektroniki.

Hatari iko kwenye ramani ya kuazima. Chipu ya nguvu iliyoandaliwa Japani mara nyingi ilitegemea petroli ya oktani 100, inayouzwa kwenye pampu za kule. Cheche zake zinawahi. Ukiiweka kwenye RS200, yenye mgandamizo wa 11.5 kwa 1, na petroli ya oktani ya chini, injini inaweza kuanza kugonga. Hewa nyepesi ya Mwanza inapunguza hatari hiyo kidogo, lakini gari hilohilo likishuka Morogoro kwenda Dar es Salaam, hewa inakuwa nzito na injini inaweza kugonga njiani. Ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, boksi nyingi za zamani huacha kuisikiliza sensa ya oksijeni, kwa hiyo kosa la ramani halisahihishwi. Pistoni inaweza kutoboka.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi, mwulize atapima mchanganyiko kwa kifaa gani gari likiwa kwenye mzigo, na akuonyeshe namba kabla na baada. Asiye na kipimo, usimpe kazi hiyo. Na boksi yako ya zamani ikitolewa, hata kama umeambiwa imekufa, ondoka nayo.