Besi iliyochakaa kwa makusudi

Juma hili tuzungumze juu ya vijana wanaotengeneza muziki vyumbani mwao kwa kompyuta, hususan wale wa muziki wa trapu. Zamani wimbo ulipokamilika ulipelekwa kwa fundi wa mwisho, mtu mwenye masikio mazoefu na spika za gharama, akausawazisha na kuupandisha sauti kabla ya kutolewa. Kazi hiyo mafundi huiita mastaringi. Siku hizi kijana anabonyeza kitufe, akili mnemba inausikiliza wimbo kidogo, na kazi inarudi imekwisha. Je, imekwisha kweli?

Kwanza tuujue muziki wenyewe. Trapu ilikulia Atlanta, kusini mwa Marekani. Jina lina maana ya mtego, na wenyeji walipaita hivyo mahali pa kuuzia dawa za kulevya. Mwaka 2003 mwanamuziki T.I. akaliweka kwenye jina la albamu yake, Trap Muzik. Juu matoazi yanakwenda mbio kama mvua kwenye bati, na chini inavuma besi nzito inayojulikana kwa namba tu, 808. Asili yake ni ngoma kuu ya mashine ya Roland TR-808 iliyotengenezwa Japani kuanzia mwaka 1980 hadi 1983. Mwasisi wa kampuni hiyo, Ikutaro Kakehashi, alieleza kwamba walinunua kwa makusudi transista zilizohesabiwa mbovu, kwa ajili ya mlio wake wa kukwaruza. Zilipokosekana, mashine nayo ikasimama. Basi kasoro ya kutafutwa ilikuwamo tangu mwanzo, na watengenezaji wa trapu wameiendeleza: huisukuma 808 mpaka ikaze na kukwaruza.

Hapo ndipo penye mgogoro. Programu kama Ozone ya iZotope, au msaidizi aliyeongezwa ndani ya Logic Pro mwaka 2023, hupima jinsi nguvu ya wimbo ilivyogawanyika kutoka sauti za chini hadi za juu, ikalinganisha na kile inachokitarajia, kisha ikapendekeza ikwalaiza, kompresa na limita. Inajua nyimbo nyingi zilivyo. Haijui wewe ulikusudia nini.

Kijana mmoja alinisikilizisha wimbo wake kabla na baada ya kupita kwenye chombo cha namna hiyo. Sauti ya mwimbaji ilikuwa safi zaidi, hilo nakiri. Lakini tulipoupiga kwenye simu, besi ilikuwa imetoweka. Sababu yake inafaa kuelezwa. Sauti ya msingi ya 808 mara nyingi iko kati ya hezi 30 na 60, na spika ndogo ya simu haiwezi kuitoa. Ule mkwaruzo ndio huzaa sauti nyingine za juu yake, ambazo simu inaziweza, na sikio la binadamu likizisikia hujijazia lenyewe ule msingi usiokuwapo. Mashine ilikuwa imeliona eneo hilo limejaa kupita kiasi, ikalipunguza. Kwa kipimo chake ilifanya usafi, kumbe ilimnyang'anya msikilizaji wa mtaani besi yote. Kijana aliizima ikwalaiza ile, akabakiza limita, na besi ikarudi.

Sisemi chombo kitupwe. Asiye na fedha za fundi amepata sikio la pili, lisilochoka saa nane ya usiku. Ila lipewe kazi inayoliwezekana. Ngoma kuu na 808 zikigongana, tatizo hilo limalizwe kwenye kuchanganya: moja iishushe nyingine kwa nukta moja zinapopiga pamoja. Usipofanya hivyo limita itaubana wimbo mzima kila besi inapoanguka, matoazi na mwimbaji wakizama na kuibuka kama wenye pumu. Sauti za chini kabisa zikae katikati, zisitawanywe kushoto na kulia. Ondoa limita yako mwenyewe kabla ya kuikabidhi mashine wimbo, na kama inakubali wimbo wa mfano, ipe wa trapu unaoupenda, isijikadirie yenyewe.

Halafu kuna ulevi wa kelele. Sikio hupenda kilicho na sauti kubwa, hivyo kazi ya mashine huonekana bora kwa kuwa tu imepandishwa. Linganisha zote mbili kwa sauti sawa, utashangaa mara ngapi utachagua ile ya kwanza. Wala kelele yenyewe haina faida kubwa kama wengi wanavyodhani. Spotify, kwa mpangilio wake wa kawaida, husawazisha nyimbo kwenye kipimo cha LUFS 14 chini ya sifuri. Ukipeleka wimbo uliobanwa mpaka 7 chini ya sifuri, utateremshwa desibeli 7, na kilichopondwa na limita hakirudi. Trapu huvumilia kubanwa kuliko taarabu au jazi, kwani ukali ni sehemu ya ladha yake, lakini ukali huo uamuliwe na mwenye wimbo, kwa masikio yake, akiwa ameusikiliza kwenye spika, kwenye visikizio, na kwenye simu ile ya bei nafuu ambayo jirani yake anayo.