Joto la Chumbani Chini ya Bati

Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotangaza kuwa Dar es Salaam imefika nyuzi joto 33, kipimo hicho kimesomwa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu pande zote, kilichosimamishwa mahali pa wazi. Ni kipimo sahihi cha hewa ya nje. Hakisemi lolote kuhusu chumba cha mpangaji wa Manzese au Tandale, chenye bati juu bila dari, ukuta wa tofali za saruji, na dirisha moja linalofungwa magharibi ikiingia kwa kuogopa wezi na mbu. Ndimo alimo kichanga, ndimo alimo bibi mwenye presha, na ndimo joto linamofanya madhara yake makubwa.

Tukisikia mtu kapigwa na joto, tunamfikiria kibarua wa juani, na kweli yuko hatarini. Lakini tazama yaliyotokea Kanada. Mwishoni mwa Juni 2021 jimbo la British Columbia lilikumbwa na joto lisilowahi kuonekana huko. Mji mdogo wa Lytton ulifika nyuzi 49.6. Wachunguzi wa vifo wa jimbo walihesabu watu 619 waliouawa na joto hilo kwa muda wa wiki moja hivi. Asilimia 98 yao lilikuwa limewapata ndani ya nyumba. Wengi walikuwa na umri wa miaka 70 au zaidi, na zaidi ya nusu waliishi peke yao.

Kwetu joto haliji kwa kishindo namna hiyo. Huingia na kaskazi mwezi Desemba, likakaa hadi Machi, limebeba unyevu wa bahari. Shirika la Afya Duniani hushauri chumba kisizidi nyuzi 32 mchana na 24 usiku. Februari, hapa Dar, hata hewa ya nje ya alfajiri huwa karibu nyuzi 25, kwa hiyo kiwango cha usiku hakifikiki hata kwa anayelala uani. Ndiyo maana nasisitiza joto la ziada, lile linaloongezwa na nyumba yenyewe. La nje hatuwezi kulipunguza. Hili la ndani tumelijenga kwa mikono yetu.

Lawama ya kwanza naiweka kwenye paa, kwa sababu ya mahali tulipo duniani. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, kwenye tarehe 10 Oktoba hivi na tena mwanzoni mwa Machi, na kati ya tarehe hizo haliendi mbali na utosi. Katika miji iliyo mbali na ikweta, kuta na madirisha hupokea sehemu kubwa ya jua. Hapa linamwagika juu ya bati. Bati lililoota kutu hufyonza sehemu kubwa ya mwanga huo, na mchana wa jua kali linaweza kupita nyuzi 60.

Panda juu ya stuli saa nane mchana, uinue kiganja karibu na bati bila kuligusa, kisha ukigeuze kitazame sakafu. Hewa ni ileile, lakini ngozi inayotazama bati inachomeka na ile ya upande wa pili ina nafuu. Hiyo ni mionzi ya joto. Inamshukia aliyelala kitandani mchana kutwa, na feni haiizuii. Feni inazungusha hewa tu, tena hewa iliyokwisha kupata moto chini ya bati hilohilo.

Jua likizama, bati hupoa upesi kwa kuwa ni jembamba. Ukuta wa tofali na sakafu ya zege havipoi hivyo. Joto vilivyolipokea mchana huliachia taratibu hadi baada ya saa sita usiku, na dirisha likiwa limefungwa halina pa kutokea. Kama ugali ulisongwa humohumo kwa mkaa, hali ni mbaya zaidi.

Mwili hujipoza kwa kusukuma damu kwenye ngozi na kwa jasho. Jasho linalodondoka halipozi. Linalopoza ni lile linalokauka mwilini, na kwenye unyevu wa pwani hukauka kwa shida. Moyo wa mzee unafanya kazi hiyo usiku kucha bila kupumzika, na akiwa anatumia dawa ya presha inayoongeza mkojo, anazidi kukaukiwa maji. Kichanga hawezi kuomba maji wala kujifunua, nasi bado tunamvika kofia, soksi na shali mwezi Februari! Jamani, tumvue.

Mtu aliyekaa kwenye joto akianza kuchanganya maneno, kupepesuka au kuzimia huku mwili ukiwa wa moto, parasetamoli haitamsaidia. Mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni kwa nguvu, huku usafiri wa hospitali ukitafutwa. Malaria ipimwe pia, lakini kumpoza kusisubiri majibu.

Ahmedabad, India, ilijifunza kwa uchungu. Mei 2010 joto lilifika nyuzi 46.8, na watafiti walikadiria vifo 1,344 juu ya kawaida ya mwezi huo. Katika hospitali moja ya mji huo, vichanga walikuwa wakiugua kwa joto. Wodi ya wazazi ilikuwa ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa. Wodi ilihamishiwa chini, na idadi yao ikashuka. Mwaka 2013 mji ukawa na mpango wake wa kukabili joto, na 2017 zikapakwa rangi nyeupe paa zipatazo 3,000 kwa kuanzia.

Rangi nyeupe ikiwa mpya hurudisha angani zaidi ya theluthi mbili za mwanga wa jua, na chumba kinaweza kupungua nyuzi 2 hadi 5. Dari nayo huzuia mionzi kumfikia aliyelala, hasa kama juu yake kuna matundu ya kutolea hewa. Makuti yalizuia mionzi na kupitisha hewa pia, ila hushika moto na kuoza, na sidai tuyarudie. Chandarua hupunguza upepo kitandani, lakini kisiondolewe. Wavu na nondo dirishani ndivyo vitakavyoruhusu dirisha lilale wazi.

Kikwazo kikubwa ni kwamba paa ni la mwenye nyumba, na anayelala chini yake ni mpangaji. Ningependa halmashauri zidai dari na matundu ya hewa katika nyumba za kupangisha kwa uzito uleule wa choo. Hilo likisubiriwa, mazungumzo yafanyike kodi ya miezi sita inapolipwa: wapangaji wachangie rangi, mwenye nyumba aikate kwenye kodi. Vuli ikiisha, bati lisuguliwe kutu na vumbi, lipakwe mikono miwili, na lioshwe kila likififia kwa vumbi. Nyumba ya vyumba sita yenye familia sita ina paa moja tu la kupaka.