Unajisi Wenye Mwisho

Wageni wanaoona Wajapani wakinawa mikono na kusukutua kinywa langoni mwa hekalu la Shinto huandika ama kwamba watu hawa wanaogopa vijidudu, ama kwamba wanatubu dhambi. Wote wamekosea. Unajisi unaoitwa kegare hauhitaji kosa. Humpata aliyefiwa, humpata mzazi aliyetoka kujifungua, nao hawajatenda ovu lolote. Mwislamu anayeijua janaba, hali inayomlazimu mtu kuoga ingawa hakutenda dhambi, ataelewa upesi. Katika Kojiki, kitabu cha mwaka 712, mungu Izanagi anarudi kutoka kuzimu alikomfuata mkewe aliyekufa, anaoga mtoni, na katika kuosha jicho lake la kushoto anazaliwa Amaterasu, mungu wa jua. Mungu mtukufu kuliko wote alizaliwa katika kuoshwa kwa uozo wa mauti! Imani ya namna hii haimkimbii aliyenajisika. Inamwonyesha njia ya kurudi.

Na njia hiyo ilipimwa kwa siku. Engishiki, kanuni za mwaka 927, ziliweka siku 30 kwa mauti na 7 kwa uzazi, kisha mtu hurejea mbele ya miungu kama wenzake. Hadi leo, tarehe 30 Juni na 31 Desemba, waumini hujisugua mwilini kwa kikaratasi chenye umbo la mtu, wakakipulizia pumzi, kikabeba uchafu wa nusu mwaka. Hata majengo yana muda wake: hekalu la Shinto la Ise hujengwa upya kila miaka 20, desturi iliyoanza mwaka 690. Mara ya mwisho ilikuwa 2013.

Atauliza mtu: mbona wachinjaji na watengeneza ngozi walitengwa, wakaitwa najisi wao na watoto wao? Hoja hii ni nzito, na haijibiwi kwa kusifia maji. Sheria ilifuta tabaka hilo mwaka 1871, lakini wajukuu wao waliendelea kubaguliwa katika ndoa na kazi. Ila desturi iliyokipa kifo chenyewe siku 30 haiwezi kuhalalisha unajisi wa kurithiwa. Waliougeuza kuwa wa ukoo ni watawala waliotaka kila mtu afungwe kwenye tabaka lake, na kwa kufanya hivyo waliivunja desturi waliyodai kuilinda. Kosa hilohilo linaendelea kwenye ulingo wa sumo, mieleka ya Kijapani, ambako wanawake wamepigwa marufuku kupanda, kana kwamba unajisi wao hauna mwisho. Mwaka 2018, mjini Maizuru, meya alianguka ulingoni akihutubia, na wanawake waliopanda kumwokoa wakaamriwa kwa kipaza sauti washuke. Mkuu wa chama cha sumo aliomba radhi. Marufuku yenyewe haikuondolewa, na inapaswa kuondolewa.