Joto, Muda wa Mwanga na Pembe za Ng'ombe: Upatikanaji wa Umbo Sahihi kutoka kwa Printa ya Rezini ya Nyumbani katika Nyanda za Juu za Karagwe na Kyerwa

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa vitu vinavyohusishwa na ufalme wa Karagwe ni sanamu ndogo za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma, zenye miili myembamba na pembe ndefu zilizopinda. Masimulizi huzihusisha kazi hizo na Ndagara, baba yake Rumanyika, yule Mfalme aliyewapokea John Hanning Speke na James Grant mwaka 1861. Henry Morton Stanley, aliyefika mwaka 1876, naye aliandika habari za nyumba ya hazina iliyohifadhi maumbo ya wanyama na ndege ya madini. Vitu vya namna hiyo havishikwi na wanafunzi. Mtoto wa shule ya msingi ya Nkwenda au Omurushaka huvisikia tu, au huviona katika picha iliyofifia.

Makala haya yalitokana na jaribio la kutengeneza umbo la kufundishia linalofuata mtindo wa sanamu hizo, kwa kutumia printa ya rezini ya nyumbani iliyowekwa katika chumba cha kawaida mjini Kayanga. Umbo lilichorwa kwa kompyuta likiwa na urefu wa milimita 80 na pembe zinazopungua unene hadi milimita 1.2 kwenye ncha. Jaribio la kwanza lilitoa ng'ombe asiye na pembe. La pili halikutoa ng'ombe kabisa, bali ganda bapa lililonata chini ya beseni. Mwandishi, kama wengi, alidhani kosa lilikuwa la mashine, na kwamba printa ya bei kubwa zaidi ingetoa pembe. Hoja inayotetewa hapa ni kinyume cha dhana hiyo. Usahihi wa umbo hautokani kwanza na wingi wa nukta za skrini, bali na uthabiti wa mambo machache ambayo mtumiaji mwenyewe huyasimamia, hasa joto la rezini na muda wa mwanga. Katika nyanda hizi, jambo la joto lina uzito kuliko vitabu vya maelekezo vinavyodokeza.

2.0 Namna rezini inavyogeuka kuwa kitu kigumu

Rezini ni kimiminika chenye molekuli fupi pamoja na kemikali inayoamshwa na mwanga. Mwanga unapoigusa kemikali hiyo, molekuli hushikana na kuwa minyororo mirefu iliyofungamana, na kimiminika kikawa kigumu. Kanuni hii si ngeni. Hideo Kodama wa Japani aliieleza mwanzoni mwa miaka ya 1980, naye Chuck Hull wa Marekani alipata hataza ya mtambo wake mwaka 1986. Kilichobadilika ni bei. Printa za nyumbani za leo hutumia skrini inayofanana na ya simu, ambayo chini yake kuna taa zenye mwanga wa nanomita 405, yaani zambarau iliyo jirani na urujuanimno.

Juu ya skrini hukaa beseni la rezini, ambalo sakafu yake ni utando mwangavu wa plastiki. Bamba la chuma hushuka hadi libakize nafasi ya milimita 0.05 hivi kati yake na utando. Skrini huonyesha picha ya tabaka moja, rezini iliyo katika nafasi hiyo huganda, kisha bamba hupanda, tabaka hubanduka kwenye utando, rezini mpya hutiririka kuziba pengo, na bamba hushuka tena. Umbo huzaliwa likiwa limeninginia kichwa chini.

Msomaji azingatie vitendo viwili katika mzunguko huo: kubanduka na kutiririka. Karibu kila kosa linalosingiziwa mwanga limo katika kimojawapo.

3.0 Joto la chumba

Watengenezaji wengi wa rezini hupanga vipimo vyao kwa chumba chenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi au karibu na hapo. Vilima vya Karagwe viko katika mwinuko wa mita 1,500 na zaidi. Usiku wa Juni na Julai, chumba chenye dari na madirisha yaliyofungwa hushuka chini ya nyuzi 18 bila mwenye nyumba kuliona jambo hilo kuwa la ajabu, kwa kuwa amezoea kujifunika blanketi. Kyerwa, iliyokuwa sehemu ya Karagwe hadi ilipokuwa wilaya mwaka 2012, ina hali mbili. Vilima vyake hufanana na vya Kayanga, lakini ardhi huteremka kuelekea Mto Kagera, na Murongo huwa na joto zaidi. Kwa hiyo vipimo vilivyofaulu kwa mtu wa Murongo huweza kumwangusha jirani yake wa mlimani, ingawa mashine na chupa ya rezini ni zilezile.

Sababu ni mnato. Rezini iliyopoa huwa nzito kama asali ya asubuhi. Bamba linapopanda, rezini hiyo huchelewa kuziba pengo, na tabaka linalofuata huchorwa mahali penye upungufu. Tena bamba linaposhuka husukuma rezini nzito isiyotaka kuondoka, nayo hushinikiza nguzo nyembamba na kuzipinda. Vilevile mmenyuko wenyewe hupungua kasi katika baridi, hata tabaka lililopata mwanga wa muda uleule likawa laini kuliko linavyotakiwa. Tabaka laini lililonata kwenye utando halibanduki bali huchanika. Ndivyo pembe zilivyopotea katika jaribio la kwanza: ziliendelea kuchorwa, lakini zilibaki kwenye utando, tabaka juu ya tabaka.

Mtu anayekosa pembe kwa namna hiyo hushawishika kuongeza muda wa mwanga. Ushawishi huo una sababu, na mara nyingine pembe hutokea. Hata hivyo, hutokea zikiwa nene, kwa maana mwanga wa ziada hutawanyika pembeni na kugandisha rezini iliyo nje ya mpaka wa picha. Kwato huungana, tundu la pua huzibika. Mtumiaji amebadilisha kosa moja kwa jingine, na hili la pili ni baya zaidi kwa mtafiti kwa sababu halionekani kuwa ni kosa. Linaonekana kuwa ni ng'ombe.

Njia iliyofaa ni kuipasha rezini joto kabla ya kurefusha mwanga. Chupa iliyofungwa vizuri huwekwa katika maji ya vuguvugu hadi rezini ifike nyuzi 25 hadi 30, kisha hutikiswa kwa dakika kadhaa, kwa kuwa rangi hutuama chini. Jambo hili la kutikisa lina umuhimu wa pekee kwa chupa iliyosafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam na kukaa rafuni wiki nyingi. Printa yenyewe huweza kufunikwa kwa sanduku la mbao jepesi lenye kipimajoto ndani. Jiko la mkaa lisitumike kamwe kupasha chumba hicho. Moshi wake usioonekana huua, na mvuke wa spiriti ya kuoshea huwaka. Asiye na hita ndogo ya umeme na achape kati ya saa tano asubuhi na saa kumi alasiri, wakati nyumba ya bati imeshika joto. Wengi huchapa usiku ili mashine isiwasumbue mchana, na usiku ndio wakati mbaya kuliko wote.

4.0 Kuupima muda wa mwanga

Joto likishadhibitiwa, muda wa mwanga hupatikana kwa kipimo, si kwa kunakili namba ya mtu mwingine. Huchapwa kibao kidogo chenye vijiti na matundu ya vipenyo vilivyolingana katika mchoro. Vijiti vikitoka vinene na matundu yakaziba, mwanga umezidi. Vijiti vyembamba vikikosekana na matundu yakapanuka, mwanga umepungua. Muda unaotafutwa ni ule ambao kijiti na tundu la kipenyo kimoja hukaribiana kwa kalipa. Printa zenye skrini ya rangi moja huangukia mara nyingi kati ya sekunde 1.5 na 3 kwa tabaka la milimita 0.05, na mabadiliko ya sekunde 0.2 kwa kila jaribio yanatosha. Tabaka chache za mwanzo hupewa sekunde 20 hadi 40 ili zishike bamba. Hizo zisihesabiwe katika kipimo, kwani huvimba.

Kila kibao kiandikwe kwa wino tarehe, joto la rezini na sekunde zilizotumika. Kibao kisicho na joto lililoandikwa hakina thamani. Mwandishi alitupa vibao sita vya namna hiyo kabla ya kulitambua hilo.

5.0 Mkao wa umbo

Ng'ombe mwenye pembe ndefu ni mtihani mzuri kwa sababu mkao unaoonekana wa kawaida, yaani kusimama kwa miguu minne, ndio usiofaa. Kwanza, tumbo huwa tambarare lililolala sambamba na utando. Eneo kubwa la tabaka moja huhitaji nguvu kubwa kubanduka, na nguvu hiyo hubebwa na miguu minne myembamba. Pili, sehemu ya chini kabisa ya mpindo wa kila pembe huanza kama kisiwa: nukta inayochorwa mahali ambapo hakuna kitu kilichotangulia cha kuishika. Kisiwa hubaki kwenye utando, na bamba linaposhuka tena kipande hicho kigumu huweza kuutoboa.

Umbo likiinamishwa nyuzi 30 hadi 45, kichwa kikielekezwa mbali na bamba, eneo la kila tabaka hupungua na pembe huota kutoka kichwani hatua kwa hatua. Programu ya kukatia tabaka huonyesha visiwa vilivyobaki, na kila kimoja hupewa nguzo yake. Nguzo nene zielekezwe kwenye tumbo na nyuma ya mapaja, ambako makovu yatafichika. Pembe zipewe nguzo nyembamba nyingi. Programu huweza kupanga nguzo yenyewe, lakini haijui upande gani wa ng'ombe mwanafunzi atautazama.

Baada ya kila jaribio lililoshindikana, rezini yote ichujwe. Vipande vilivyoganda havionekani ndani ya rezini ya kijivu, na utando mpya huchukua wiki kufika Kayanga.

6.0 Umeme

Hesabu ni fupi. Umbo lililoinamishwa lenye kimo cha milimita 60 lina tabaka 1,200. Tabaka moja likichukua sekunde 9 pamoja na kupanda na kushuka, kazi huisha kwa saa 3. Printa ndogo inayotumia wati 60 itahitaji watisaa 180, kiasi ambacho betri ya gari ya volti 12 yenye ampea-saa 100 hukitoa pamoja na inveta bila kuchoshwa. Umeme ukikatika katikati, hata mashine inayoweza kuendelea huacha mstari ubavuni mwa umbo, maana rezini imepoa na tabaka la mwisho limekaa.

7.0 Kuosha, jua na mabaki

Umbo lililotoka kwenye bamba hufunikwa na rezini mbichi, na usipooshwa kabla ya kukaushwa, nakshi hufunikwa na ganda. Hutumika isopropili au ethanoli yenye nguvu ya asilimia 95 hivi. Kagera ina pombe nyingi za ndizi zilizokenekwa, na swali kama zinafaa huulizwa kwa utani na kwa dhati. Hazifai. Maji yaliyomo humfanya ng'ombe awe na utando mweupe. Muda wa kuosha usizidi dakika chache, kwani spiriti hupenya na kulainisha sehemu nyembamba.

Kwa ukaushaji wa mwisho, jua la nyuzi mbili au chini yake kusini mwa ikweta ni taa isiyolipiwa. Umbo kavu likigeuzwageuzwa juani kwa dakika chache huwa gumu. Likisahauliwa mchana kutwa huwa la manjano na pembe huvunjika kama kijiti kikavu. Jua hilohilo likipenya dirishani hugandisha rezini ndani ya beseni, hivyo pazia zito ni sehemu ya mashine.

Rezini mbichi huamsha mzio wa ngozi ambao ukishaingia hauondoki, na ni sumu kwa viumbe wa majini. Glovu za nitraili na madirisha wazi ni lazima. Maji au spiriti iliyooshea isimwagwe mgombani wala kwenye mfereji unaoelekea bondeni, hata kama chupa imeandikwa kwamba rezini huoshwa kwa maji. Maandishi hayo yanahusu umbo, hayahusu maji yaliyobaki. Spiriti huwekwa juani katika chombo kiangavu kilichofungwa hadi rezini igande na kutuama, kisha huchujwa na kutumiwa tena. Kigumu hutupwa pamoja na taka za plastiki. Maji machafu huachwa juani vivyo hivyo, kisha huachwa yakauke kabisa katika beseni lililo mbali na watoto na mifugo.

8.0 Kipimo cha nakala

Katika jaribio la tisa, rezini ikiwa na nyuzi 27, ncha ya pembe iliyochorwa kuwa milimita 1.2 ilitoka 1.3, na urefu wa mwili ukapungua kidogo kwa sababu rezini husinyaa inapoganda. Tofauti hizo ni ndogo kwa jicho la mwanafunzi. Kwa mtafiti anayetaka kuchapa nakala ya kitu halisi cha makumbusho si ndogo, maana unene wa ncha ya pembe ndiyo habari yenyewe kuhusu mhunzi aliyeifua. Kwa sababu hiyo kila ng'ombe aliyetolewa katika zoezi hili alifungiwa kikaratasi chenye kipimo cha mchoro, kipimo cha kalipa, joto na sekunde, pamoja na maneno kwamba umbo hili limefuata mtindo tu, wala si nakala ya sanamu yoyote moja iliyopo.