Nyumba ya Mpito na Mlango wa Kutokea

Wapo wanaoshikilia kwamba nyumba salama huvunja ndoa. Mwanamke anayebisha hodi usiku wa manane na watoto watatu, ndoa yake ilishavunjwa na ngumi. Tuwaache hao, pamoja na wale wanaoamini kipigo ni dalili ya mapenzi.

Kauli yenye madhara zaidi huvaa suti: kwamba mama huyo afundishwe kwanza kujitegemea, ndipo apewe nyumba. Hiyo imeingia hadi kwenye bajeti za serikali.

Makazi ya mpito hukaa kati ya kitanda cha dharura na nyumba ya kudumu. Kwa kanuni za serikali ya shirikisho ya Marekani, ukomo wake ni miezi 24. Kabla ya kuwajibu wale wa suti, Chiswick hairukiki.

Huko, magharibi mwa London, Erin Pizzey alifungua mwaka 1971 nyumba ya wanawake waliopigwa na waume zao. Hakupenda kumfungia mtu mlango. Walipohamia jengo kubwa zaidi, halmashauri iliruhusu watu 36. Wakaguzi wakakuta 75. Alipopelekwa mahakamani kwa msongamano, utetezi wake ulikuwa wa ajabu na mtamu: wote hao ni kaya moja. Kesi ilipanda hadi ngazi ya juu kabisa ya rufaa, na mwaka 1977 majaji wakakataa: kundi kubwa hivyo, la watu wanaoingia na kutoka, si kaya. Kisheria hawakukosea. Ila 75 walijazana kwa sababu hawakuwa na pa kwenda, na mwaka huohuo Bunge likazibebesha halmashauri wajibu wa kuwapatia makazi wasio nayo. Mwanamke anayetishiwa kipigo nyumbani kwake akahesabiwa hana makazi, hata kama ana haki ya kuishi humo.

Kuhusu wale wa suti, jibu lao liko Marekani. Kuanzia 2010, wizara ya nyumba ilifuatilia familia 2,282 zilizokuwa kwenye makazi ya dharura, zikigawanywa kwa bahati nasibu katika makundi yenye msaada tofauti. Zilizopewa nafasi ya ruzuku ya kodi ya muda mrefu zilikosa makazi mara chache zaidi, na hata ukatili wa wenza ukapungua. Makazi ya mpito, pamoja na semina na ushauri wake wote, hayakuleta nafuu ya maana katika ustawi wa familia.

Lakini mwanamke anayewindwa hulindwa na zaidi ya ruzuku: anwani ya siri, amri ya mahakama, shule mpya ya watoto. Hayo nyumba ya mpito huyaweza, mradi kodi ya nyumba inayofuata imeshapatikana.