Saa za nukta na herufi zinazopotea milimani

Mabango ya taa ndogo si ajabu tena katika miji iliyouzunguka Mlima Kenya. Kuanzia Nyeri na Karatina hadi Nanyuki na Embu, maduka ya dawa, vinyozi na mikahawa huyatundika mlangoni yakionyesha saa, kisha jina la biashara, kisha saa tena. Aghalabu bango huja na michoro ya kiwandani, kama vile fataki na maua, pamoja na maneno ya Kiingereza, na mwenye duka huyakubali yalivyo. Hata hivyo, kuyabadilisha ni kazi ya jioni moja kwa mwenye tarakilishi na subira.

Saa ya aina hii ni mkusanyiko wa nukta. Ile ndogo ipendwayo na wanafunzi wa uhandisi huundwa kwa vibao vinne, kila kimoja kikiwa na taa 64 zilizopangwa nane kwa nane na kuongozwa na chipu ya MAX7219. Jumla ni nukta 256, upana wa 32 na kimo cha 8. Kwa kuwa kila taa ama huwaka ama huzima, picha moja hutoshea katika baiti 32. Picha kumi za mvuke ukifuka kutoka kikombe cha chai ni baiti 320 tu. Kumbukumbu basi si tatizo. Tatizo ni nafasi.

Picha zenyewe huchorwa kwa programu kama Piskel, ambayo haitozi malipo na hufunguka ndani ya kivinjari. Mchoraji huweka ukubwa wa 32 kwa 8, huchora picha moja baada ya nyingine, kisha huzihamishia kwenye Arduino, mfumo ulioanzia Italia mwaka wa 2005. Humo, maktaba iitwayo MD_Parola huyatembeza maandishi kushoto, kulia, juu au chini. Mwenye saa ya rangi aina ya Ulanzi TC001 anaweza kuondoa programu ya kiwandani na kuweka AWTRIX, kisha akatuma picha bila waya. Mabango makubwa ya nje, yale ya P10 yenye nukta 32 kwa 16, hutegemea programu ya mtengenezaji wa kadi inayoyaongoza. Programu ya kadi moja haielewani na kadi nyingine, kwa hivyo mnunuzi na aulize kabla ya kulipa.

Kazi ngumu huanza mtu anapotaka kuandika kwa lugha yake. Gĩkũyũ kina irabu saba, na mbili kati yazo, ĩ na ũ, huandikwa kwa alama ya kiwimbi juu. Katika orodha ya kimataifa ya herufi, ĩ ni nambari 297 na ũ ni 361, ilhali seti nyingi za herufi za saa hizi hukomea 255. Matokeo yake ni kisanduku kitupu au alama ya kuuliza katikati ya jina la mji. Wengi hukata tamaa na kuondoa kiwimbi, na irabu mbili tofauti zikasomwa kama moja.

Dawa ni kuchora herufi hizo na kuzipa nambari zisizotumika ndani ya seti. Kimo cha nukta nane kinatosha kwa hesabu kali: herufi kubwa safu tano, nafasi safu moja, kiwimbi safu mbili. Safu ya juu huwasha nukta ya pili na ya nne, ya chini huwasha ya kwanza na ya tatu. Kwa herufi za upana wa nukta tano, NYĨRĨ huchukua nukta 29 na kutulia bila kutembea. MŨRANG'A halitoshei, na lazima lisogezwe.

Saa nayo ina mtego wake. Anayetafsiri 8:30 asubuhi kuwa "saa nane na nusu" amempotosha msafiri aliye stendi. Kanuni ni kujumlisha sita, kisha kuondoa kumi na mbili ikiwa jibu limezidi hapo: 7:30 huwa 13:30, yaani saa moja na nusu. Nanyuki iko kwenye Ikweta, ambako mapambazuko hayasogei sana mwaka mzima, kwa hivyo hesabu hii haigombani na jua. Kinachobadilishwa ni tarakimu za kuonyeshwa, si saa ya ndani. Anayeisogeza saa ya ndani mbele kwa saa sita ataona tarehe ikibadilika saa kumi na mbili jioni. Wazee wa pwani waliohesabu siku kuanzia machweo hawangelalamika, lakini mwenye duka anayefunga hesabu zake usiku atalalamika.

Umeme ukipotea, saa isiyo na kumbukumbu yake huanza upya. Chipu ya DS3231 yenye betri ndogo ya mviringo huendelea kuhesabu gizani, na kosa lake katika hali ya hewa ya kawaida halizidi takriban dakika moja kwa mwaka. Walio na Wi-Fi huchukua wakati mtandaoni na kuongeza saa tatu. Kenya haibadilishi saa kwa misimu, kwa hivyo mpangilio huo hufanywa mara moja tu.